Mjomba Mmoja, Wasambazaji Watatu

Karakana ya kushona ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Ndani mlikuwa na cherehani nne, meza ndefu ya kukatia, na pasi isiyojua kupumzika. Mama ndiye aliyekuwa mwenye kazi. Baba alikata vitambaa. Binti yao alitia vifungo na kupiga pasi. Tangu kompyuta iletwe, wote watatu walikuwa wakigombea kiti chake.

Kompyuta ilikuwa na programu ya hesabu. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, Mama aliiombea, Mungu aitie baraka kama alivyozitia cherehani zake. Baba akasema mashine ile haitaki dua, inataka umeme. Mama akamjibu kwamba hata umeme una Mwenyewe.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa imechangamka. Hospitali ilikuwa imewapa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kuzipata: sare za bluu za wauguzi na makoti meupe ya madaktari. Zikifika kwa wakati, rangi zote mbili, kazi ya mwaka mzima ni yao. Ikikosekana rangi moja, hospitali itatafuta fundi mwingine.

Vitambaa walinunua kwa mtu mmoja tu, kaka yake Mama. Alikuwa na ghala la majora meupe, na uani alikuwa na mapipa ya kutilia rangi. Ukitaka bluu, anachukua jora jeupe na kulizamisha. Basi waliagiza bluu kwanza. Nyeupe walipanga kuiagiza kesho yake.

Asubuhi simu ya Mama ikalia. Kaka yake alikuwa na sauti ya mtu aliyeokota bahati. Alisema oda ya kwanza ya bluu imeshakauka, na sasa anachemsha maji ya oda ya pili na ya tatu. Akampongeza dada yake kwa kupanua kazi.

Utepe wa kupimia ukamponyoka Mama mkononi.

"Kaka, ya pili na ya tatu zipi? Na nyeupe yangu itatoka wapi?"

"Nyeupe hukuagiza, dada. Iliyobaki ghalani ndiyo hii inayoingia kwenye pipa. Nyingine ni mpaka mwezi ujao."

Mama akamwomba asizamishe hata uzi. Kaka yake akakubali kungoja, lakini rangi alikuwa ameshaichanganya, nayo haikai. Akataka jibu kabla ya adhuhuri: bluu kiasi gani, nyeupe kiasi gani. Tena asiambiwe neno la kubahatisha.

Binti alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Akafungua orodha ya wasambazaji, yaani watu wanaowauzia mali. Akaguna. Palikuwa na msambazaji aitwaye Kaka. Chini yake palikuwa na Shemeji. Chini zaidi palikuwa na Mjomba.

Hapo wakaelewa. Kila mmoja alikuwa amemwandika mtu yuleyule kwa jina la heshima analomwitia. Mama alifungua Kaka, akaagiza. Baba alifungua Shemeji, akakuta hakuna oda, akaagiza. Binti naye akafungua Mjomba, akashangaa wazazi wamesahau, akaagiza.

"Kumbe tulimgawana," Baba akasema.

Mama hakucheka. Alitoka mbio, mguu mmoja kiatu chake, mwingine cha Baba, akaenda kumwita jirani. Jirani huyo alikuwa mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Mtaani walimwita Bi Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani ya machoni na nyingine kichwani, na mara nyingi alikuwa akitafuta ya tatu. Siku hiyo alikuwa nyumbani.

Bi Miwani alitazama orodha, akatabasamu.

"Kompyuta haijui undugu. Ukiandika Kaka na ukiandika Shemeji, yenyewe inaona watu wawili."

Akauliza ni oda ipi iliyofuata vipimo vya hospitali. Mama akasema ni yake. Baba akakohoa, akakiri kwamba yeye alikisia tu. Binti akasema hata yeye. Basi Bi Miwani akaziunganisha zile rekodi tatu zikawa moja. Oda zote zikajipanga kwenye ukurasa mmoja. Ya Mama ndiyo ile iliyokwisha kukauka, na ilitosha. Zile mbili wakazifuta, wakaandika oda moja ya nyeupe, na Mama akapiga simu.

"Zima moto, kaka. Bluu imetosha. Iliyobaki ibaki nyeupe."

Aliposhusha simu alisema alhamdulillahi, akakaa sakafuni palepale.

Bi Miwani hakuondoka. Aliomba ankara ya yule muuzaji, kisha akamwelekeza Mama aandike jina la biashara kama lilivyo kwenye ankara, wala si jina la nyumbani. Chini yake iingie namba ya mlipakodi, simu, akaunti ya benki, anachouza, na muda waliokubaliana wa kulipa.

"Na Kaka je?" Mama akauliza, kama aliyenyang'anywa ndugu.

Bi Miwani akamwonyesha sehemu ya maelezo. Humo waliandika Kaka, Shemeji na Mjomba. Ukitafuta jina lolote kati ya hayo, anatokea mtu mmoja. Akawaambia watafute kwanza kabla ya kufungua msambazaji mpya, kwa jina na kwa simu pia. Mmoja aandike, mwingine akague. Na mtu akituma ujumbe kwamba akaunti imebadilika, wasiiguse mpaka wampigie kwa namba ya zamani iliyomo kwenye rekodi.

Wakakubaliana Mama aandike na Binti akague. Baba akauliza yeye atafanya nini.

"Utakata vitambaa," wakamjibu pamoja.

Sare zilifika hospitalini kwa siku iliyopangwa, bluu na nyeupe. Kazi ya mwaka ikawa yao.

Kisha ukaja ujumbe kutoka namba ngeni: mimi mjomba, akaunti yangu imebadilika. Binti hakugusa kitu. Alipiga namba ya zamani.

"Ni mimi kweli," mjomba akasema. "Nilitumia simu ya kijana wa ghalani. Yaani mpwa wangu niliyekubeba mgongoni leo unanihoji?"

"Nyumbani wewe ni mjomba. Humu wewe ni msambazaji, na msambazaji anathibitishwa. Ndivyo alivyotufundisha jirani yetu, Bi Miwani."

Mjomba akacheka. Akaomba wamletee huyo Bi Miwani. Alikuwa amefungua orodha ya wateja kwenye kompyuta yake, na humo alikuwa amekuta Dada, Shemeji na Mpwa, kila mmoja na ukurasa wake.

Mama alikuwa ameshavaa viatu, safari hii vyote vyake.

"Mwambie aizime," akasema. "Tukifika tunaiombea kwanza."