Mgeni wa Njia ya Stesheni

Yule mwanaume alikuwa ameshapita mara mbili akitokea upande wa stesheni, na Costancia hakumwona akirudi hata mara moja.

Costancia alikuwa amekaa barazani kwake Mabwerebwere, sahani ya ugali mbele, daftari la Kiingereza pajani, mwanawe Loveth wa miezi minane amelala mkekani. Jumatatu alikuwa na usaili kwenye hoteli moja ya Mikumi, kwa hiyo kila siku alijifunza neno moja. La leo lilikuwa pasabai: mtu usiyemjua, anayejipitia tu. Basi kila aliyepita alimtaja kimoyomoyo. Mwenye baiskeli, pasabai. Mama mwenye ndoo, pasabai. Alishajiona kaajiriwa.

Mara ya tatu yule mwanaume alimtazama. Costancia akasema kama tunavyosema wote tukikutwa tunakula, bila kutegemea mtu akubali: "Karibu chakula."

Watu hujibu asante, wakaenda zao. Huyu alivua viatu.

Jua la saa nane lilikuwa kali, lakini baraza likanuka udongo mbichi wa shimo refu. Costancia akachukua jagi na beseni amnawishe, maana mgeni hunawishwa, akamimina, akaendelea kumimina, maji ya jagi zima yakaishia kwenye viganja virefu vya mgeni, ndani ya beseni lisidondoke hata tone moja, na mgeni wala hakuuangalia ugali, alikuwa akimwangalia mtoto.

"Na huyu," akauliza taratibu, "naye anapita tu?"

Costancia alimnyakua mwanawe, akakimbilia kwa jirani yake, Bibi Yusrah, anayesomea watu dua.

"Shikamoo bibi. Kuna mtu kwangu, ukimnawisha maji hayadondoki."

"Marahaba. Nani kamkaribisha?"

"Mimi."

"Basi msindikize mwenyewe mpaka njia panda. Mwambie kwaheri. Usiongeze neno."

Akarudi, akamsindikiza mgeni, Loveth mgongoni, Bibi akisoma dua nyuma yao. Njia panda Costancia akasema kwaheri. Mgeni akainamisha kichwa kwa adabu.

"Asante kwa ukarimu, mama."

Na ulimi wa Costancia, uliofundishwa adabu tangu utotoni, ukajibu wenyewe: "Karibu tena."

Jioni alimwogesha Loveth. Mtoto alikuwa mchangamfu, anacheka. Costancia akammiminia kopo la kwanza, la pili, la tatu, kisha akaangalia chini. Beseni lilikuwa kavu.