Miwani ya Msumarini

Hebu niambie, ukimwona mtu mzima anaipuliza mbao kama anayepooza chai, utamwambia nini?

Badria, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuwa akisema kitu. Kila alasiri akitoka chuoni kusoma Kurani alimpelekea baba yake, Fundi Masoud, birika la chai ya tangawizi kwenye karakana yake ya milango ya nakshi, hapo hapo mtaani kwao Mpendae. Masoud akishagonga patasi mara tatu nne, huinama mpaka pua ikaribie kuligusa ua analolichonga, kisha fuu! Vumbi lote humrukia usoni.

"Baba, si una miwani ya kazi?" Badria aliuliza siku moja.

"Ile iliyotundikwa msumarini? Ile navaa wakija wageni kutazama mlango." Masoud akacheka mpaka akakohoa. "Wee, usiingie! Kaa hapo hapo nje. Vumbi hili si la kifua cha mtoto."

Badria akakaa kizingitini, akilimeza ombi ambalo siku zote alishindwa kulitoa, huku kidole chake kikiyafuata yale maua hewani.

Masoud akapuliza tena. Mara patasi ikaanguka, mkono ukaruka jichoni. "Yarabi! Kibanzi!"

"Usilifikiche, baba!" Hilo Badria alifundishwa skuli. Alinawa mikono, akammiminia maji safi taratibu. Kibanzi hakikutoka. Akalifunika jicho kwa kitambaa safi bila kulikandamiza, akamshika baba yake mkono mpaka hospitali.

Daktari, Bi Shemsa, alikitoa kibanzi, kisha akamsikiliza kifua. "Ungelifikicha, fundi, pengine ungelipoteza jicho. Na kifua hiki kinapiga filimbi. Tangu lini?"

Masoud akatazama chini kama mtoto aliyevunja kikombe.

Aliporudi kazini, miwani ilikuwa machoni, barakoa puani, na vumbi akalifagia kwa brashi yenye unyevu.

"Unafanana na mrina asali," Badria alimtania.

"Nicheke tu, mwanangu. Siku zote nakukataza vumbi, mimi mwenyewe nalila, kama kwamba kifua changu cha chuma. Kumbe kujikinga ni sehemu ya ufundi, sawa na kunoa patasi."

Badria akatazama msumarini. Palikuwa pametundikwa miwani nyingine, ndogo, mpya.

"Na hii ya nani?"

"Mwenyewe hajasema bado."

Badria akavuta pumzi. "Baba, nataka unifundishe kuchonga."