Nusu Kama Kawaida

Kila asubuhi kabla ya shule, Ng'washi alipitia kwenye kituo cha kusafisha maji, kando ya ziwa kule Igogo, kumpelekea baba yake chai. Mzee Mihayo alikuwa fundi wa kituo kwa miaka kumi na minne. Kila saa alitakiwa achote maji kwenye kichupa, atie kidonge, aangalie. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa ya kuua vijidudu imo. Kisha huandika kipimo daftarini; cha kawaida ni nusu miligramu ya dawa kwa lita.

Siku hiyo, akiweka chupa ya chai mezani, jicho la Ng'washi likatua kwenye daftari. Saa moja: nusu. Saa mbili: nusu. Nusu, nusu, mpaka saa kumi jioni! Na ndiyo kwanza kumekucha.

"Baba, saa kumi imeshafika?"

Mzee Mihayo akalifunika daftari kwa kiganja. "Nenda shule, mama. Utachelewa."

Lo! Tangu lini baba anaficha daftari? Mwaka ule wa 1996 wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa kila mahali, na kituoni lilishatoka tangazo: atakayefaulu mtihani wa ufundi na kupata cheti atabaki, asiye nacho arudi kwao. Mtihani ni Jumamosi. Baba akikosa, nyumbani watakula nini? Tena Rose, anayekaa naye dawati moja, alikuwa anaharisha siku ya tatu sasa. Kama ni maji ya baba je? Ng'washi akaanza kumtazama baba yake kwa jicho la wizi. Hata akicheka, alihisi kuna jambo anaficha.

Darasani yeye ndiye kiranja wa afya. Maji ya kunywa yakichemshwa, huweka alama ya vema kwenye karatasi ya mlangoni. Siku hiyo, bila kuifunua ndoo kama alivyozoea siku hizi, aliweka vema moja, kisha akaendelea mpaka mwisho wa mwezi ili asisumbuke tena.

Jumamosi alipeleka chai, akasimama dirishani. Mwalimu Renatha, mtaalamu kutoka Bukoba aliyewafundisha miezi miwili, aliwapa mafundi sita kila mmoja chupa ya maji. "Pimeni, mwandike."

Venant, mmoja wao, hakungoja hata kidonge kiyeyuke. "Nusu kama kawaida!" akasema akifunga kalamu. Wengine wakafuata. Mzee Mihayo naye aliandika "Nu", akainua kichwa, macho yake yakakutana na ya binti yake. Ng'washi hakuyakwepesha.

Baba akaweka kalamu chini. Akainua kichupa kwenye mwanga, akangoja. Maji hayakugeuka. Akakata alichoandika, akaandika: Hakuna dawa.

"Maji haya nimeyachota ziwani, nikayachuja kwa kitambaa tu," mwalimu alisema baada ya kusoma karatasi. "Watano mmeandika nusu. Mihayo peke yake ndiye aliyepima."

"Mwalimu, hata mimi nisingepima," Mzee Mihayo alisema taratibu. "Nimezoea kujaza daftari asubuhi mpaka jioni. Binti yangu ndiye aliyenishtua."

Ng'washi akaushika ukingo wa dirisha. Baba amejifukuza kazi mwenyewe!

"Cheti utapata, ila si leo," alisema mwalimu. "Kwa mwezi mzima nitakuja saa yoyote, bila hodi, nilione daftari lako. Ninyi wengine mtarudia mafunzo. Watu wa mjini hawanywi namba, jamani, wanakunywa maji. Mtu aandike alichokiona, baada ya kukiona."

Ng'washi akashusha pumzi. Ghafla akaikumbuka karatasi ya mlangoni, uso ukamwaka kwa aibu.

Njiani alimweleza baba yake kila kitu. "Na mimi nilikuwa nakushuku wewe," akasema, machozi yakimlenga.

"Ulikuwa na haki ya kunishuku," baba alijibu. "Sasa Jumatatu kaseme kwa mwalimu wako kama nilivyosema mimi leo. Kusema kunauma siku moja tu. Kunyamaza kunamwumiza mtu ambaye hana habari."

Mwezi uliofuata Mzee Mihayo alipata cheti chake, akakitundika sebuleni. Lakini Jumatatu ile ndiyo Ng'washi hakuisahau. Alimweleza mwalimu wake, akaibandua karatasi, kisha akaenda kufunua ndoo ya darasa. Chini kulikuwa na tope jembamba, na maji yalinuka ziwa. Hayakuwa yamechemshwa kwa siku nyingi.

Akaigeukia nafasi tupu ya Rose. Kisha akaibeba ndoo kwenda kuimwaga.