Kifungo cha Koti la Kijivu

Kila siku nikitoka shule hupitia kwa shangazi yangu, fundi cherehani, na kumwokotea pini sakafuni kwa sumaku huku yeye akishona na kupiga soga na wateja. Jumatano ile niliokota tatu tu. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa mwizi.

Mwizi mwenyewe nilikuwa nimeshamjua. Ni Kifutio, rafiki yangu wa dawati moja, tuliyempa jina hilo kwa sababu hufuta kila anachoandika. Darasa letu lilikuwa kwenye shindano la hadithi fupi mtandaoni. Tuliwekewa picha ya koti la kijivu lililotundikwa nyuma ya mlango, tukaambiwa tubuni hadithi isiyozidi maneno mia moja. Mimi niliandika juu ya mzee anayeng'oa kifungo cha koti lake kila mwezi, ili apate sababu ya kwenda kwa fundi kuzungumza. Asubuhi hiyo, kwenye kompyuta ya maktaba, nikaikuta hadithi namba kumi na saba. Majina yalifichwa, lakini mzee ni yule yule na kifungo ni kile kile.

Nikaanza kukumbuka. Jumatatu Kifutio alifunika daftari kwa kiwiko. Jumanne aliniuliza, "Umeandika nini?" kwa sauti tamu mno. Hata peremende aliyonipa sikuiamini tena. Bila shaka ilikuwa rushwa.

Alhamisi nikaenda kwa mwalimu wa maktaba.

"Mwalimu, Kifutio ameiba hadithi yangu. Naomba aondolewe."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Kifutio akaitwa. Alinitazama, machozi yakamlengalenga, nami nikaona hata machozi yenyewe ni ya kuigiza.

"Sikumwibia," alisema. "Niliisikia kwa fundi, siku mama alipopeleka sketi yangu kupunguzwa."

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe uliipata wapi?"

Ndipo nikakumbuka, nikakiri. Niliisikia hapo hapo kwa shangazi, nikiokota pini, kisha nikajisahaulisha hadi nikaamini ni yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jioni tulikwenda wote wawili kwa shangazi, tukamweleza. Alisimamisha cherehani.

"Mzee huyo yupo," alisema. "Hajui kwamba najua anaving'oa mwenyewe. Nami nilikosea kumsimulia kwa wateja. Siri ya mtu si ya kuchekea."

Akanitazama. "Lakini wewe, mwanangu, umemchunguza mwenzako kuanzia kiwiko hadi peremende. Wewe mwenyewe hukujichunguza hata dakika moja. Kabla hujamwita mtu mwizi, anza na mfuko wako."

Ijumaa asubuhi tulimwomba mwalimu aziondoe hadithi zote mbili, kisha tukaandika nyingine kabla shindano halijafungwa. Yangu haikuwa nzuri sana, ila kila neno nililitoa kichwani mwangu.

Mchana huo tulikuwa dukani kwa shangazi, sumaku mkononi, mzee mmoja alipoingia na koti la kijivu begani.

"Kifungo kimekatika tena, fundi."

"Vifungo vya siku hizi, mzee wangu," shangazi alijibu, akamvutia kiti.

Mimi na Kifutio tuliinamia pini zetu, tukaendelea kuziokota. Baadaye nikamnong'oneza, "Nisamehe. Na ile peremende?"

"Nilikuwa nazo mbili," alisema.