Kinywa Kwenye Nta

Mama alikuwa ameshameza. Fundi aliliona tonge likishuka kooni, akaona kidevu kikitulia, na leso ikapita mdomoni kufuta mchuzi. Lakini kutafuna kuliendelea. Kulikuwa kutafuna kwa taratibu, kwa mtu mwenye adabu zake, midomo imefungwa, na kulitokea upande ule ule wa meza alipoketi mama.

"Wifi, unatafuna nini?" Fundi aliuliza bila kugeuka.

"Mimi?" Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. "Labda mate yangu. Chakula si mmekimaliza?"

Sauti ikakoma ghafla, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa.

Fundi alijiambia ni panya. Ulikuwa mchana kweupe, redio ya jirani ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na mtu mzima haanzi kuogopa katikati ya taarifa ya habari.

Kazi yake ilikuwa vijiko na uma, lakini vya aina isiyoridhika na kubeba chakula tu. Alikuwa na kijiko chenye vipele vidogo vya kuukuna ulimi, ili uji wa kila siku ujifanye una mambo. Alikuwa na uma wenye mpini mzito unaomlazimisha mlafi kula polepole, kijiko cha chai kinacholia kama kengele kikigusa kikombe, na mpini wa mti wenye tundu la kutilia karafuu, pua ianze kula kabla ya mdomo. Hoteli kubwa zilivipenda. Ofisi ya viwango ndiyo iliyopata taabu, kwa kuwa haikuwa na fungu la vijiko vinavyolia. Baada ya vikao kadhaa, hivyo vilisajiliwa pamoja na ala za muziki, na vile vya vipele vikaingizwa kwenye vifaa vya mazoezi ya viungo. Kisha likatoka sharti: kila kijiko kipya, hata kiwe cha mtu mmoja tu, kitengenezwe pamoja na pacha wake, pacha apelekwe ofisini kama sampuli.

Afisa aliyekuja kuchukua sampuli hizo alikuwa mcheshi, mtu ambaye kitambi chake kilimtangulia mlangoni, na aliipenda kazi yake hasa ilipoangukia saa ya chakula.

"Sampuli hairudishwi, dada," alisema kila mara, akiifuta kwa tai na kuitumbukiza mfukoni. "Ndiyo utaratibu."

Kijiko cha mama hakikuwa cha biashara. Homa ndefu ilikuwa imempitia mama, ikamwachia uhai, ikaondoka na ladha na harufu. "Ni kama kutafuna gazeti lililoloa," alilalamika, "tena la juzi." Wifi, ambaye ndiye aliyepika, alinuna kwanza, halafu akaogopa, maana mama aliacha kula kabisa. Akawa anageukia ukuta sahani inapoingia. Daktari alieleza kwa upole kwamba mwili usiolishwa haujadiliani na mtu, na Fundi alielewa kwamba mama yake anakwenda.

Basi akatumia njia yake ya siku zote. Huchukua bamba la nta laini, mtu akalibana kati ya ulimi na kaakaa na kuling'ata kidogo, nta ikabeba ramani ya kinywa chake. Hapo vipele vinapangwa pale ulimi huo ulipo hai zaidi. Kijiko cha kinywa kimoja hakifai kinywa kingine. Mama alikuwa amelala, kwa hiyo Fundi aliiacha nta kwenye kisahani kando ya kitanda, akaenda karakana. Aliporudi, nta ilikuwa na alama. Ulimi ulikuwa mrefu kidogo, na meno yalionekana kuuma mara mbili, safu nyuma ya safu. Lakini mgonjwa ni mgonjwa, mikono inatetemeka. Hakumwamsha kumuuliza. Alikimbia na nta yake kama mtu aliyeokota bahati, akasubu vijiko viwili vya fedha: kimoja cha mama, kimoja cha serikali.

Na kijiko kilifanya kazi. Mara ya kwanza tu kilipoingia mdomoni, mama alifumbua macho.

"Tangawizi," alisema. "Na kitunguu kimeungua kidogo."

"Kimeungua kidogo sana, mama," Wifi alijitetea huku machozi yanamtoka.

Mama alikula sahani nzima. Kesho yake alikula mbili. Haikupita wiki akawa anakula kuliko wanawake wote wawili kwa pamoja, na bado bangili zilimvuka mkononi, moja baada ya nyingine, zikaangukia mkekani. Mashavu yalizama. Chumba kikaanza kunuka chuma kilicholoa mate.

"Wifi, njoo uonje hiki," Wifi alimnong'oneza Fundi jikoni siku moja, akimsogezea mabaki ya sahani ya mama. "Usiniulize kitu. Onja kwanza."

Fundi alionja. Mchuzi ule ule ambao yeye alikuwa ametoka kuula, wenye pilipili ya kutoa jasho, ulikuwa hauna chochote. Gazeti lililoloa.

"Anakula nani?" Wifi aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwa sababu mama hali. Mama analishwa maganda."

Fundi alikiosha kijiko, na kwa mazoea ya kazi yake, kwa kuwa kila kijiko chenye kasoro hukikagua kwa ulimi kabla ya kukikagua kwa jicho, alikitia mdomoni. Kilikuwa na joto, na maji ya bomba yalikuwa baridi. Akapitisha ulimi kwenye vipele kutafuta kosa, cha kwanza, cha pili, taratibu kama anavyofanya daima, na alipofika kwenye bonde la kijiko, pale ambapo hapana kitu isipokuwa fedha iliyosuguliwa, kitu laini na chenye majimaji kikainuka kutoka ndani ya fedha hiyo, kikaulamba ulimi wake kuanzia ncha hadi shinani, polepole, kama mtu anayekagua naye, kama fundi mwenzake anayetaka kujua kinywa hiki kingine kina ladha gani, na alipojaribu kukitoa kijiko kilisita kidogo kabla ya kumwachia.

Aliachama, kijiko kikaanguka sinkini. Kwa siku nzima hakusikia ladha ya kitu.

"Nionyeshe ile nta," Wifi alisema.

Ilikuwa rafuni, karakana. Waliiangalia dirishani, vichwa vimegusana. Safu moja ya meno, na nyuma yake nyingine, nyembamba zaidi na nyingi zaidi.

"Aliuma mara mbili," Fundi alisema, akijua kwamba anajidanganya.

"Kwa meno gani?" Wifi aliiweka nta chini. "Wifi, siku ile meno ya mama yalikuwa kwenye glasi. Niliyaloweka mwenyewe asubuhi, nikamvisha saa ya chakula. Mama hana hata jino moja la kwake, unajua wewe!"

Walirudi nyumbani mbio. Mama aliwatazama bila kuinua kichwa kwenye mto.

"Nta?" alisema. "Niliiona kwenye kisahani. Nikadhani sabuni, nikalala zangu."

Fundi alikificha kijiko. Mama akakataa chakula kingine chote, akageukia ukuta. Hapo ndipo ubaya wa jambo ulipomkaa Fundi sawasawa. Bila kijiko, mama anakufa kwa njaa. Kwa kijiko, anakufa huku anakula.

Mganga walimwita Bibi Miadi, kwa sababu hakumpokea mtu bila miadi, hata awe ameota pembe. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la simu. Ukutani palikuwa na cheti chenye mihuri kuliko maandishi, kilichomtambua kuwa "mshauri wa mambo mengineyo". Aliigeuza nta mkononi kwa muda mrefu, na uso wake, uliokuwa umezoea shida za watu, ukabadilika.

"Huyu hakuwa na mdomo," alisema. "Wako wengi hivi. Wanazurura majikoni, wanalamba mvuke wa vyungu vya watu, hawamdhuru mtu. Wewe ukamwekea nta kwenye kisahani, ukamkaribisha. Nimetoa majini tangu ujana wangu, lakini sijawahi kumwona mtu aliyempimia jini kinywa kama fundi cherehani anavyopima suruali."

"Sikujua, bibi."

"Hata yeye hakujua, nadhani. Alishangaa mwenyewe." Hakutabasamu. "Tutakuja mchana. Wale wa kwenye hadithi hutoka usiku. Huyu anafuata saa za chakula, kama mtumishi wa umma. Sasa sikia. Lazima awe anakula, ndipo anapokuwa ndani ya kijiko mzima mzima. Utamlisha mama, utakichomoa katikati ya tonge, utakitia motoni kabla hajameza. Akimeza, amebaki ndani ya mama. Na kila chenye umbo la kinywa hicho kiungue. Kila kimoja. Umenielewa?"

Fundi alielewa. Kijiko na nta.

Waliweka tanuri dogo la gesi katikati ya chumba. Bibi Miadi alifukiza ubani, akasoma dua kwa sauti ya chini. Aliamuru meno ya mama yatolewe, yakawekwa kwenye glasi dirishani. Nje, redio ya jirani ilikuwa inasoma taarifa ya habari.

"Mwanangu," mama alinong'ona, mashavu yameingia ndani, "naogopa."

"Hata mimi, mama. Fungua mdomo."

Kijiko kiliingia. Kutafuna kukaanza, kule kwa adabu, halafu adabu ikaisha, kukawa kwa pupa, kwa kuvuta mate, na chumba kikajaa ile harufu ya chuma, na Bibi Miadi akasema "Sasa!", na Fundi akavuta, na kijiko hakikuja, kilikuwa kimeng'atwa, alisikia meno yakisaga fedha, alihisi mtikisiko wake mpaka kiwikoni, na macho yake yakaenda yenyewe dirishani kwenye ile glasi ambamo meno ya mama, yote, juu na chini, yalikuwa yametulia majini yanamchekea, akajua kwamba anavutana na kinywa ambacho yeye mwenyewe alikichonga, kipele kwa kipele, kwa mapenzi yote ya moyo wake, na kwamba alikichonga vizuri, hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki, na hapo mama, mwenye ufizi mtupu na mwili wa kuku, akamshika mwanawe kifundo cha mkono na kusukuma pamoja naye, akasukuma kwa ulimi wake, ulimi wake mwenyewe, mpaka kijiko kikachomoka na tonge lake, na Fundi akakitupa kwenye moto pamoja na nta.

Hakukuwa na ukelele. Kilichotoka ni harufu: ya kila mlo uliowahi kupikwa katika nyumba hiyo tangu homa iingie, tangawizi, vitunguu, pilipili, maziwa yaliyochemka yakamwagika, vyote kwa mara moja, vikapita juu ya vichwa vyao na kutoka dirishani. Fedha ikalegea na kuwa tone.

Safari hii mama aliibana nta akiwa macho, binti yake amemshika kidevu. Alama ilitoka ndogo, ya ufizi na ulimi, kama unyayo wa kitoto. Kijiko chake kipya kilipokuwa tayari, Wifi alileta uji. Mama alivuta kijiko kimoja, akakaa nao mdomoni, akakunja uso.

"Huyu mke wa mwanangu," alisema, "chumvi amemwekea nani?"

Wifi alikaa sakafuni akalia. "Umemsikia?" alimwambia Fundi. "Ananisema! Wifi, ananisema!"

Mama alianza kunona. Bangili zikarudi mahali pake. Nyumba ikarudia ugomvi wake wa kawaida, na Fundi akaanza kulala.

Siku ya afisa kuja na cheti, ilikuwa saa ya chakula, kama desturi yake. Wifi ndiye aliyemfungulia, na alisimama pale mlangoni kwa muda, akisubiri kitambi kiingie kwanza. Hakikuingia. Aliingia afisa peke yake, koti linaning'inia mwilini kama lililoanikwa, mshipi umezunguka kiuno na kubaki.

"Umepita, dada!" alimwambia Fundi kwa furaha, akiketi. "Kile kijiko cha mama yako. Ofisi imekipa fungu jipya kabisa, vifaa vya tiba. Nimekifanyia majaribio mwenyewe. Nakula siku hizi, we! Sijapata kula hivi maishani."

Maneno ya Bibi Miadi yakamrudia Fundi. *Kila kimoja.* Akakumbuka mkono ukifuta fedha kwa tai.

"Kiko wapi?" aliuliza. "Nirudishie. Nitakutengenezea kingine, vitano ukitaka, nirudishie hicho."

Afisa aliweka kiganja juu ya mfuko wa shati, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyelala.

"Sampuli hairudishwi, dada," alisema. Kisha akafunga midomo, akatabasamu.

Kikombe cha chai kilikuwa mbele yake, hajakigusa. Wifi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Kutoka chumbani sauti ya mama ikaita, yenye nguvu zake zote za zamani:

"Mwanangu! Una wageni wangapi huko?"

"Mmoja, mama."

"Mmoja? Na wewe umeketi unamtazama tu mtu mzima anavyotafuna hivyo, humpi hata maji?"

"Hatujampa kitu, mama," Fundi alisema, na sauti yake haikufika popote.

Walikusikia wote, sasa redio ya jirani ilipokuwa imezimwa: kutafuna kwa taratibu, kwa adabu zote, kutoka mfukoni. Na safari hii, kinywa hicho kilipogundua kwamba kinasikilizwa, hakikukoma.