Bisibisi Ndani ya Mkoba

Naapa haya yote ni kweli tupu, hata chumvi sijatia. Nikikutwa na uongo, nitaosha vyombo vya nyumba hii mwezi mzima. Tena hayakunipata mimi. Yalimpata jirani yangu, fundi umeme mstaafu, mtu mwerevu na mwenye sura nzuri.

Jirani huyo ana bisibisi ya mpini mwekundu. Miaka thelathini haikutoka mfukoni mwake. Alipostaafu, mkewe alimwambia, "Baba watoto, na hicho chuma kistaafu." Akajitia hasikii.

Asubuhi moja mkewe alikuwa anapiga pasi. Ghafla akaacha. Mama huyo ana pumu, na kifua kilikuwa kimembana. Akatafuta dawa yake ya kuvuta. Kopo tupu.

Wakakimbilia hospitali kwa teksi. Kwenye mlango wa dharura mama akawekwa kwenye kiti cha magurudumu, mkoba mapajani. Kila pumzi ilipiga mluzi. Mlangoni alisimama askari, binti mwenye kifaa cha kukagulia.

"Shikamoo baba. Kama una chuma, kiache mezani. Utapewa namba, utakichukua ukitoka."

"Marahaba. Kwani mimi mwizi? Nimeleta mgonjwa."

"Hakuna aliyekuita mwizi, baba. Hapa hata daktari anakaguliwa."

Jirani akawaza: bisibisi yangu ibaki na watu nisiowajua? Akajifanya anamweka mkewe vizuri, akaitumbukiza bisibisi ndani ya mkoba wa mama.

"Sina kitu," akasema.

Askari akapitisha kifaa juu ya mkoba. Kikalia mpaka kuku wa mtaa wa tatu wakaacha kudonoa.

"Mkoba ubaki hapa, mama aingie," askari akasema.

"Mkoba wa mke wangu haufunguliwi," jirani akajibu. Mkono mmoja ameshika mkoba, mwingine ameshika kiti.

Muuguzi akaja mbio. "Mzee, achia kiti. Mtazame midomo."

Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Mluzi nao ulikuwa unafifia, na hiyo haikuwa dalili njema. Jirani bado ameng'ang'ania. Ndipo mama mwenyewe akatia mkono mkobani. Akatoa bisibisi. Akamtazama mumewe. Akaiweka mezani.

Hakuwa na pumzi ya kusemea.

Vidole vya jirani vikalegea. Muuguzi akasukuma kiti ndani. Mkononi mwake mlikuwa na kovu jipya, kutoka kwenye kiwiko karibu hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Umeliona lile kovu?" askari akauliza kwa sauti ya chini. "Mwezi uliopita mtu alimfuata humu ndani mwenzake waliyepigana naye. Alikuwa na kisu. Muuguzi yule alisimama katikati. Siku hizo hatukuwa tunakagua."

Jirani akakaa kwenye benchi. Akangoja, namba yake ya plastiki kiganjani. Mlango ukafunguka, ukafungwa, si kwa ajili yake. Mwishowe muuguzi akatokea.

"Anapumua vizuri. Yupo kwenye oksijeni. Ila angechelewa kidogo tu, mzee, tungekuwa na maneno mengine."

Siku hizi jirani akimpeleka mkewe kliniki, bisibisi inabaki nyumbani, kwenye droo. Funguo anazitoa kabla hajaulizwa. Mtu akinung'unika kwenye foleni, yeye humwambia, "Toa tu, ndugu. Mgonjwa wako atamuona daktari upesi, na daktari atakuwa mzima."

Nimefika hapa, mke wangu naye amekuja kusoma juu ya bega langu, miwani puani.

"Jirani gani huyo? Jirani yetu ni mwalimu, hata balbu hajui kubadilisha."

"Nilitaka tu..."

"Na sura nzuri ameipata lini?"

Ameuweka mkoba wake mezani mbele yangu. Juu ya mkoba ameweka sabuni na dodoki.

Basi naweka kalamu chini. Ukoko wa sufuria ya jana umeganda.