Mkono wa Kulia wa Blauzi

Kila Jumatano ya mwaka ule wa 1976, wasichana wa darasa la sita walipomaliza kupalilia maharage ya shule, walinawa na kuingia darasani kushona. Shule yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kasulu. Mwalimu Odilia alikuwa amemchorea kila mmoja vipande vya blauzi kwa vipimo vyake, kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Kitambaa chao wote kilitoka katika jora moja la maua mekundu.

Philomena alikuwa na hamu kuliko wenzake. Tangu azaliwe alirithi nguo za dada zake. Sasa alitaka kusimama mbele ya watu siku ya Sabasaba na blauzi aliyoikata na kuishona mwenyewe.

Mkono wa kwanza ulikaa vizuri begani. Wa pili ulimkatalia kabisa, kila akiushikiza ulivuta nyuma. Akailaza yote miwili mezani, maua yakiwa juu. Yote ilikuwa ya kushoto.

"Mtu kanibadilishia," alimnong'oneza rafiki yake Immakulata. "Kachukua wangu wa kulia, kaniachia wake wa kushoto."

"Nani hupeleka vikapu vyetu vya kushonea stoo kipindi kikiisha?" Immakulata aliuliza.

Wakamgeukia Tunu, binti wa mganga aliyehamishiwa hospitali kutoka Tanga. Tunu alipoona anatazamwa, alikunja kitambaa chake haraka akakisukumia kikapuni.

"Umeona mwenyewe," Immakulata alisema.

Philomena aliona, na tangu hapo hakuacha kuona. Tunu akicheka, alikuwa anamcheka yeye. Tunu akinyamaza, alikuwa anaficha jambo. Siku moja Tunu alimpa kipande cha muwa, naye akakikataa akijiambia kuwa hiyo ni rushwa tu. Maneno yakaenea, na wasichana wengi wakaacha hata kumsalimu Tunu.

Jumatano iliyofuata Tunu alimwendea mwalimu, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, wananiita mwizi. Nimemwomba baba anirudishe Tanga kwa bibi."

Mwalimu Odilia hakugomba. Aliwaita wote mezani. "Philomena, kama Tunu amechukua mkono wako wa kulia akakuachia wake wa kushoto, yeye sasa ana nini?"

Philomena alifikiri. "Miwili ya kulia, mwalimu."

"Tunu, tuonyeshe."

Tunu alisita, kisha akaitandaza. Mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Ule wa kulia ulikuwa na doa la damu.

"Nilijichoma sindano," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona aibu, nikauficha."

Wengine nao walitandaza yao. Hakuna aliyekuwa na miwili ya kulia. Mwalimu akampa Philomena karatasi yake ya mkono na chaki. "Nionyeshe ulivyokata."

Philomena aliweka karatasi juu ya kitambaa, akaizungushia chaki. Akaisogeza pembeni azungushe tena, na hapo mkono wake ukasimama. Hakuwa ameigeuza karatasi ili apate wa kulia. Alikata wa kushoto, akasogeza, akakata wa kushoto tena. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, Tunu," alisema. "Nimekusingizia bure."

Mabaki yake ya kitambaa hayakutosha mkono mwingine. Tunu alipangusa macho, akatoa ya kwake. "Unganisha na haya. Kiungo kitajificha kwapani." Kisha akaongeza, "Lakini ule muwa nilishaula."

Wasichana wakacheka, Philomena naye akacheka huku akilia.

"Kazi ikikuharibikia," Mwalimu Odilia alisema, "kagua kwanza mikono yako kabla hujakagua kikapu cha mwenzako. Mkono wa blauzi tutaukata upya kwa mabaki. Jina la mtu likichanwa, mabaki ya kuliungia utayapata wapi?"

Kipindi kilipokwisha, Philomena alitia blauzi yake kikapuni na kumkabidhi Tunu mbele ya wote, aipeleke stoo.